Nitakupitia saa tatu

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa shule, Nyakato, mbele ya wazee na majirani wa mitaa yetu, kuhusu kazi ya kikundi chetu ya kuwapitia wazee waliojifungia ndani na kutoka nao. Wengi hawakufika, na kwa kweli hao ambao hawakufika ndio hasa niliokuwa nawasema. Mjukuu wangu alirekodi kwenye simu, nami nimeyaandika yote kama yalivyotoka, nikaondoa kukohoa kwangu na ule muda spika ilipoanza kukoroma.

Mwangaluka!

(Ukumbi: Mwangaluka!)

Mlionizidi umri, shikamooni. Mlio chini yangu nimeshazisikia, marahaba. Wewe kijana uliyekalia kiti chenye mto hapo mbele, yako sijaisikia, lakini nimekusamehe. Muda si mrefu utakipisha hicho kiti.

Nimeambiwa nina dakika thelathini. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na nne, dakika thelathini za Mwanza nazijua. Nitajitahidi.

Nianze na swali. Ni nani hapa leo asubuhi alipitiwa? Maana yangu ni hii: mtu alifika mpaka mlangoni kwako, akapiga hodi, akasema haya, twende. Inueni mikono nione. Mmoja, wawili… tisa. Haya, shusheni. Na mliokuja wenyewe? Naona, ni wengi, hongereni kwa magoti. Swali la tatu halina mkono wa kuinua. Ni nani hayupo hapa leo kwa sababu hakuna aliyempitia?

Kila mmoja wenu ameshapata jina kichwani. Nimewaona kwenye nyuso. Msimtaje kwa jirani. Lishikeni tu hilo jina mpaka nimalize.

Sisi watu wa huku tuna ukarimu wa mdomo. Tukikutana na mtu njiani tunamwambia, "Karibu nyumbani, njoo siku moja." Siku moja ni lini? Mtu ana miaka sabini na tano, magoti yanamuuma, macho yana ukungu, ukimwambia njoo siku moja umemwambia abaki kwake. Kuna maneno mengine ambayo nimeyaona yakimtoa mtu ndani, na ni matatu tu: nitakupitia saa tatu. Hapo kuna mtu anayekuja na kuna saa anayokuja. Kazi iliyobaki ni ya kuvaa viatu.

Sasa sikilizeni habari ya mama mmoja wa Mabatini.

Mnaifahamu Mabatini. Mnaifahamu Igogo, Bugarika, Isamilo ya juu. Wageni wanaupenda mji wetu kwa mawe, wanapiga picha pale kwenye jiwe la Bismarck na kwenda zao. Sisi tunaoishi juu ya mawe hayo tunajua kwamba njia ya kufika nyumbani ni ngazi ambayo hakuna fundi aliyeijenga. Jiwe, udongo, jiwe, mfereji wa maji machafu, jiwe. Ukiwa na miaka thelathini unapanda na ndoo kichwani huku unaongea na simu. Ukiwa na miaka sabini unasimama mlangoni, unaiangalia, unarudi ndani.

Mama huyu alikuwa mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Saa kumi na moja alfajiri yuko pale anabishana bei, gunia likijaa analivuta mwenyewe hadi kwenye mkokoteni. Siku niliyopelekwa kwake alikuwa hajashuka mlima ule mwaka mmoja na miezi miwili. Hakuwa mgonjwa. Narudia: hakuwa mgonjwa! Nilimpima presha, ilikuwa nzuri kuliko yangu. Wala hakutelekezwa. Mtoto wa Dar anatuma hela kila mwisho wa mwezi, mjukuu anachota maji, mkwe anapika. Akishika ufagio anaambiwa, mama kaa, pumzika. Akitaka kuosha vyombo, mama pumzika. Akisema anakwenda gengeni, mama kaa, atatumwa mtoto.

Pumzika. Nani atamlaumu mtoto anayemwambia mama yake pumzika?

Mimi ninamlaumu kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha kazi waliyoifanya kwa wazee wachache wenye afya zao. Waliwalaza kitandani siku 10, hawaugui, wanakula vizuri, wanalala tu. Walipowapima, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama. Kilo moja mnaijua, nendeni buchani mkaiangalie kwenye mzani. Hiyo ni kwa siku 10. Mama yetu alikuwa amepumzishwa kwa upendo siku zaidi ya mia nne.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Nikamwomba ainuke bila kushika kitu. Akaweka viganja mapajani. Nikamwambia, bila mikono, mama. Akajivuta mbele, akainuka kidogo, akarudi chini puu. Mara ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakujaribu. Alicheka, akajifunika uso kwa upande wa kanga, na nilipomtazama vizuri niliona kile kicheko kimeshageuka. Huyo ndiye aliyekuwa akivuta gunia.

Hebu na nyie. Ndiyo, nyie! Kunjeni mikono kifuani. Mwenye goti bovu au kizunguzungu abaki amekaa, simtafuti mgonjwa leo. Wengine, simama. Kaa. Simama. Usijitupe kwenye kiti, shuka polepole. Kaa. Mara tano.

(Hapa palikuwa na kelele nyingi na viti viwili vilianguka. Hakuna aliyeumia.)

Mmeona? Aliyecheka sana ndiye aliyeshindwa ya nne. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Linasema mwenye miaka 65 na kuendelea aupe mwili angalau dakika 150 za kuchangamka kwa wiki, na siku 3 au zaidi afanye yale ya kutia miguu nguvu na kuzuia kuanguka. Watu wakisikia hivyo wanafikiria raba na fulana. Achaneni na raba! Kwenda gengeni na kurudi kwa mwendo wa kuhema kidogo kumo. Kupalilia matembele kumo. Kuinuka kwenye kigoda mara kumi asubuhi na mara kumi jioni kumo. Wazee wetu walilima kwa bugobogobo, ngoma inalia, majembe yanarushwa juu yanadakwa, na sijasikia hata mmoja akisema anakwenda mazoezini.

Basi mama huyu alitokaje? Mimi sikumtoa. Nilikwenda mara tatu na maneno yangu ya kiuguzi, akaniitikia "sawa dada" mara zote tatu, na hakuinuka. Aliyemtoa ni mwenzake wa miaka sabini na moja anayekaa chini ya mlima, naye aliuza dagaa zamani, tena walishawahi kugombana kwa ajili ya deni. Alipanda na fimbo yake, akafika anahema, akakaa, akasema, "Nimekuja kukudai." Wakacheka mpaka mkwe akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Wiki ya kwanza waliishia mlangoni. Wiki iliyofuata walifika kwenye lile jiwe bapa wanapolala mbuzi, wakakaa, wakawasema watu waliokuwa wanapita, wakarudi. Wiki ya saba walifika barabarani. Walikunywa soda moja kwa glasi mbili, kisha wakapanda. Kupanda kuliwachukua dakika arobaini kwa sababu kila jiwe lilikuwa kituo na kila kituo kilikuwa na umbea wake. Na mwenzake huyo, ambaye alidhani anajitolea, aliniambia mwezi wa tatu kwamba siku hizi haitumii ile fimbo isipokuwa kufukuzia mbwa.

Mtaniuliza, kwa nini mzee kwa mzee? Vijana wapo, wana nguvu, hawana kazi. Kweli wapo. Tulianza nao. Wanafunzi wazuri, wenye adabu, kila mmoja na daftari lake. Mmoja alipangiwa baba mmoja wa Igoma aliyekuwa dereva wa malori, mtu wa safari za Isaka mpaka Kigali. Kila Jumanne baba ana sababu. Jumanne hii mvua. Jumanne ile jua. Jumanne nyingine anasubiri mgeni. Kijana akaandika kwenye daftari: "Hana mwamko." Lile daftari ninalo mpaka leo, na ule ukurasa sijauchana.

Tukambadilishia. Tukamtuma mtu wa miaka sitini na tisa. Huyu hakusema habari za kutembea hata kidogo. Alikaa, akanywa chai, wakazungumza barabara za zamani, mlima gani ulikuwa unaua magari. Baada ya nusu saa akashusha sauti, akauliza, "Na mkojo je?"

Baba akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikia. Akasema, "Ndugu yangu, dakika kumi tu umeshanibana."

Jamani! Ndiyo hiyo mvua na ndiyo hilo jua. Mtu mzima, baba wa watu, aliyelisha familia kwa usukani, anaogopa kuaibika katikati ya njia. Kijana wa miaka ishirini na mbili angejuaje? Na mimi, muuguzi, mbona sikuuliza? Walichofanya wale wawili ni kuchora njia kwa vyoo. Msikitini kipo. Kituo cha mafuta kipo. Kwa fundi cherehani wanaofahamiana naye kipo, na ufunguo unaning'inia ukutani. Njia ikapinda mara tatu, lakini ikawa njia. Baadaye ndipo alipokubali kwenda kuonwa hospitali kwa ajili ya tezi dume, kwa sababu mwenzake alimwambia na yeye alionwa na hakufa. Kinababa mlioangalia chini hapo nyuma, nimewaona. Jambo hilo lina tiba, nendeni.

Wala hili jambo si letu peke yetu. Kule Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare. Aliwafundisha kusikiliza watu waliozidiwa na mawazo, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi wa mtaani, benchi, na sikio. Limeenea nchi nyingi. Uingereza nako watafiti wamekuwa wakiujaribu mpango wanaouita ACE, ambamo mzee anayejitolea anaunganishwa na mzee mwenzake aliyejifungia, wanapanga pamoja aende wapi, na mwanzoni anaongozana naye. Uingereza kuna nyumba za wazee, kuna mabasi yanayowashukia chini wakiwa wanapanda, na bado wameona kinachopungua ni mtu wa kugonga mlango. Sisi mlango tunaujua. Tuna makonda tu wanaopiga ubao gari liondoke wanapoona mkongojo.

Nilisema wanapanga aende wapi. Hapo tulikosea miezi mingi. Tulikuwa tunawaambia wazee waende tunakotaka sisi: kliniki, kikundi, ukumbini kama hapa. Palikuwa na mzee mmoja wa Buhongwa, zamani mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya Sengerema. Alikataa kila kitu, hata mchezo wa bao kwa jirani alikataa, na bao alikuwa analijua kuliko wote. Siku moja mpitiaji wake alichoka, akamuuliza kwa hasira, "Kwani wewe unataka kwenda wapi?"

Akajibu pale pale, "Busisi."

Busisi! Mtu ambaye hafiki uani. Lakini fikirieni. Maisha yake yote alikuwa anasubiri kivuko pale Kigongo, yeye na ng'ombe wake, saa mbili, saa tatu, wakati mwingine analala. Daraja la kutoka Kigongo mpaka Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za lami juu ya ziwa, alilisikia redioni akiwa kwenye kiti. Alitaka alione. Wakakubaliana watakwenda, ila kwanza miguu ijiandae. Akaanza kuzunguka nyumba, kila asubuhi, hata mpitiaji asipokuja. Wajukuu wakimuuliza babu unafanya nini, anasema, naenda Busisi. Wiki tano alizunguka nyumba ile mpaka pakawa na kijia.

Walipanda gari hadi Kigongo. Akashuka, akasimama pale foleni ya kivuko ilipokuwa, akatazama maji muda mrefu. Kisha akasema, "Hapa nilimnunulia mke wangu sato siku ya kwanza." Hakuna aliyejua hiyo habari, hata wanawe. Sasa hivi kila Alhamisi yuko kwa jirani anacheza bao, na nasikia anaiba kete.

Ndugu zangu, hili linalofuata nitalisema kwa sauti ya chini.

Kwenye kanda yetu hii tumewazika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Mimi nimekuwa wodini, nimeona. Macho ya mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kikavu, jikoni pasipo na dirisha, yatakuwa na rangi gani? Moshi huo. Hakuna kingine. Lakini angalieni ni nani anayesingiziwa. Mara nyingi ni yule anayekaa peke yake, mlango umefungwa, hakuna anayeingia. Mtoto akiugua mtaani, ng'ombe akifa, watu wanauangalia ule mlango. Mama anayeonekana gengeni kila Jumatano, anayegombania bei ya nyanya, ambaye kila mtu anajua goti lipi linamuuma, huyo ni vigumu kumtungia hadithi. Ukimpitia mama wa namna hiyo ukatembea naye barabarani mchana kweupe, mtaa mzima umeona. Sitaongeza neno hapo.

La mwisho linanihusu mimi, na sijawahi kulisema hadharani.

Mwaka tulioanza nilimwambia mama mmoja wa Kirumba, nitakupitia kesho saa tatu. Alikuwa mjane, miaka sabini na minane, alikubali baada ya kubembelezwa mwezi mzima. Usiku ule nikapata mgeni, asubuhi nikawa na shughuli, nikasema moyoni, nitakwenda kesho kutwa, atanielewa. Sikupiga simu. Nilipokwenda, jirani yake alinizuia mlangoni. Akaniambia juzi yule mama aliamka saa kumi na moja, akaoga, akavaa gauni lake la kanisani, akavaa viatu, akatoa kiti barazani akakaa. Saa tatu. Saa nne. Jirani akampelekea uji, akakataa, akasema, "Nikinywa nitabanwa njiani." Saa saba jua lilipofika barazani aliinuka, akakirudisha kiti ndani mwenyewe.

Niliingia. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema, "Mlikuwa na kazi, mwanangu." Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimefutwa, vimepangwa. Nilikwenda tena mara sita na hakutoka tena na mimi. Mwishoni alitoka na mtu mwingine, Mungu ni mwema, lakini na mimi hakutoka.

Ndiyo maana leo kila mzee tunampa wapitiaji wawili, mmoja akiugua wa pili anakwenda. Kama wote mmeshindwa, mnapiga simu kabla ya saa mbili, mnaongea naye yeye, msimwachie mtoto ujumbe. Mengine ni madogo. Familia ijue mnakwenda wapi. Beba maji. Usimshike mkono ukimvuta kama mtoto wa chekechea, mpe kiwiko chako ashike yeye, ili akitaka kuachia aachie. Hela zake za TASAF, zile za serikali za kusaidia kaya maskini, na za wanawe usizishike, hata akikutuma. Na mwendo ni wa kwake, awe anaweza kuongea anapotembea. Akinyamaza, simameni.

Sasa lile jina mlilolishika kichwani. Kuna daftari pale mlangoni, lina safu tatu: jina lake, anakaa wapi, na wewe unaweza kumpitia siku gani. Safu ya nne nimeiacha wazi, ni ya anakotaka kwenda, na hiyo hutaijaza leo, utaijaza ukishamuuliza. Andikeni. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwa sababu nawafahamu.

Uji wa ulezi uko tayari kule nyuma. Msiogope kuunywa. Choo ni mlango wa pili kushoto, nimeshakikagua, na maji yapo.